Simu Inasoma, Kitabu Hakisomeki

Barabara ya Ggaba inatoka katikati ya Kampala, inapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, kisha inaishia ziwani. Hapo ndipo Ggaba yenyewe ilipo: soko, mwalo wa mitumbwi, wauza samaki wa ngege na mukene, mitambo inayosukuma maji ya kunywa kwenda mjini, na seminari kuu ya Kikatoliki kando ya makelele hayo yote. Anayetaka kitabu cha kuazima na asikipate karibu itabidi apande taksi kuelekea mjini, kwa mfano hadi Maktaba ya Taifa kule Buganda Road, na avumilie foleni. Kwa asiyeona safari hiyo ina nauli mbili, yake na ya mtu wa kumshika mkono, na akifika anakuta rafu za karatasi.

Ndiyo maana habari ya kusoma vitabu pepe kwa simu yenye kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilicho kwenye skrini, si habari ya wapenda mitambo. Kwa mkazi wa Ggaba asiyeona, au mwenye uoni hafifu, simu ndiyo maktaba iliyo karibu kuliko zote. Swali ni hili: maktaba hiyo ina nini ndani?

Tuanze na kilichokwisha kutatuliwa, maana si kidogo. Kwa miaka mingi mtambo wa kumsomea asiyeona ulikuwa mali ya wenye nazo. JAWS, programu ya kusoma kompyuta kwa sauti iliyotoka Marekani mwaka 1989, iliuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi Uganda angeihesabu kwa mishahara ya miezi, na bado ilihitaji kompyuta ya kuiweka na umeme wa kuiwasha. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika NVDA na kuigawa bure. Bei ya programu ikaondoka, bei ya kompyuta ikabaki. Mageuzi yenyewe yalikuja mwaka 2009, tena kutoka pande mbili: Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone 3GS, na Google ikaleta TalkBack kwenye Android, kazi iliyotoka katika kikosi cha T. V. Raman, mhandisi ambaye mwenyewe haoni. Tangu hapo kisoma skrini si kitu cha kuagiza ng'ambo. Kimo ndani ya simu ya Tecno au Infinix inayouzwa dukani Kabalagala, na kwenye simu nyingi kinaamshwa kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, sekunde tatu.

Anayeona akiishika simu hiyo ikiwa imewashwa TalkBack hudhani imeingiwa na wazimu. Mguso mmoja haufungui kitu. Unataja tu kilicho chini ya kidole. Miguso miwili ya haraka ndiyo inayofungua. Ukitelezesha kidole kulia, sauti inahamia kwenye kitu kinachofuata. Ukitelezesha kushoto, inarudi. Ndani ya kitabu msomaji anachagua mwendo wake: aya kwa aya, mstari kwa mstari, neno kwa neno, hata herufi moja moja. Na hapa ndipo kisoma skrini kinapoachana na zile programu za kusoma kwa sauti kama @Voice Aloud Reader, ingawa watu wengi huvichanganya. Programu hizo hutiririsha kitabu kama redio: unabonyeza, unaweka simu mfukoni, unaendelea kuparua samaki. Kwa riwaya hilo linatosha. Lakini mwanafunzi wa sheria au wa uuguzi hawezi kuishi kwa mtiririko. Anataka kusimama kwenye jina la dawa asikie limeandikwa kwa herufi gani, arudi kwenye kichwa cha sura, aruke tanbihi, ajue yuko ukurasa wa ngapi ili mhadhiri asimkatalie marejeo yake. Wasomaji wazoefu hutumia vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake.

Kuna jambo lingine ambalo wenye macho hawalifahamu: kasi. Mzoefu hupandisha sauti hadi mara mbili au tatu ya mazungumzo ya kawaida, na jirani yake kwenye taksi husikia mvumo tu. Kwa sababu hiyo eSpeak, sauti ya bure inayosema kama roboti wa sinema za zamani, ina wapenzi wengi wanaoichagua badala ya sauti laini za kisasa: konsonanti zake hazimeguki kasi ikipanda. Nimeona wafadhili wakisifia sauti inayofanana na mtu, wakati msomaji anataka sauti inayojibu papo hapo. TalkBack pia inaweza kuficha skrini, ikawa nyeusi huku usomaji ukiendelea. Aliyeketi nyuma yako haoni unasoma nini; kwa kweli haoni hata simu, maana imo mfukoni. Spika ya sikioni huvaliwa sikio moja tu. Ggaba ni nchi ya bodaboda, na asiyeona akiziba masikio yote mawili barabarani amejifumba macho kwa mkono wake mwenyewe.

Gharama ya intaneti nayo inahitaji hesabu, kwa kuwa wengi huikosea. Kitabu pepe cha maneno matupu, kwa muundo wa EPUB, mara nyingi hakifiki MB chache. Riwaya nyingi hazifiki hata 1. Kitabu hichohicho kikisomwa na mtu na kurekodiwa kwa saa 10, hata kwa sauti ya ubora wa wastani wa kbps 64, kinakula karibu MB 290. Na kikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kufanywa PDF, kinakula makumi ya MB na hakisomeki. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua asome au asisome. Tena Uganda ni nchi iliyokwisha kujaribu namna mbalimbali za kutoza intaneti: Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kitabu kilichokwisha kushushwa kwenye simu hakina habari na hayo. Kinasomwa bila mtandao, usiku umeme ukiwa umekatika, hadi betri iishe. Miradi inayomtaka asiyeona asome akiwa mtandaoni muda wote imebuniwa na mtu ambaye hajawahi kununua bando la siku.

Basi simu ipo, kisoma skrini kipo, kitabu chepesi kinawezekana. Kwa nini msomaji wa Ggaba bado ana njaa?

Sababu ya kwanza ni sauti. Fungua orodha ya kawaida ya sauti za kusoma kwenye Android: Kiingereza kimo kwa lafudhi kadhaa, Kiswahili kimo, Kiganda hutakiona. Kwa hiyo Biblia ya Kiganda, ambayo maandishi yake yamo kwenye simu bure, inasomwa ama na Mwingereza asiyejua kuwa herufi mbili mwanzoni mwa Ggaba ni matamshi na si kosa la chapa, ama na Mswahili. Mswahili anajitahidi zaidi, kwa kuwa irabu ni zilezile na silabi zinaishia palepale. Lakini "ky" inamshinda, irabu ndefu anazikata, ŋ anaiparamia, na toni hana kabisa. Msikilizaji anaelewa, ila anafanya kazi mbili, kusikiliza na kusahihisha, na baada ya sura mbili kichwa kinauma.

Si kwamba hakuna wanaofanya kazi. Kampala ina watafiti wa lugha na kompyuta pale Makerere na katika shirika la Sunbird AI. Wazungumzaji wa Kiganda wamechangia saa nyingi za sauti kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla. Na mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mifumo ya usemi kwa lugha zaidi ya 1,100, iliyofunzwa kwa kiasi kikubwa kwa rekodi za Agano Jipya. Lakini mfumo wa maabara na sauti ya simu ni vitu viwili. Sauti ya kisoma skrini lazima ikae ndani ya simu ya bei ya chini, ijibu kabla kidole hakijainuka, isiombe mtandao, na ivumilie kuharakishwa mara tatu. Kazi hiyo ya mwisho haina sifa ya kitaaluma, hakuna anayeiandikia makala, na ndiyo iliyobaki.

Wakati huohuo Kiswahili kimepewa nafasi Uganda ambayo vitabu havijaijaza. Ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mganda asiyeona anayejifunza Kiswahili anapata sauti inayomsomea vizuri kuliko lugha ya mama yake. Kisha anatafuta riwaya ya Kiswahili ya kusomewa, na anaambulia hadithi za watoto. Za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, ni nzuri na ni bure, kwa Kiganda na kwa Kiswahili pia. Mtu mzima hawezi kukesha nazo.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Biblia kamili ya kwanza ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, na toleo lake mashuhuri lilikatwa jembamba na nene kwa sababu ya ajabu: ili liingie ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasilile. Wachapishaji wale walikuwa London, hawakuwa na sababu ya kumfahamu mchwa wa Buganda, lakini mtu fulani aliwaeleza jinsi kitabu kinavyoishi nyumbani kwa msomaji, nao wakakikata kulingana na maisha hayo. Zaidi ya karne baadaye msomaji asiyeona anaomba jambo la aina hiyohiyo, umbo tu, na anaambiwa ni gumu.

Sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni kitabu chenyewe. Kampala ina wachapishaji wa heshima. Fountain Publishers ipo tangu 1988, na FEMRITE imetoa waandishi wanawake tangu miaka ya tisini. Kila kitabu chao kilikuwa faili kabla hakijawa karatasi. Faili hilo likitolewa kwa mpangilio mzuri, vichwa vya sura vikiwekwa alama kuwa ni vichwa na picha zikipewa maelezo, linakuwa EPUB inayosomeka kwa simu yoyote. Mara nyingi hilo halitokei. Faili linakwenda kwa mpiga chapa, kitabu kinatoka, na nakala ya kidijitali ikiwapo ni PDF ya kurasa, maneno yake yamegandishwa mahali pake, safu mbili zikisomwa mstari mmoja. Miaka ikipita, faili la asili linapotea na kompyuta iliyokuwa nalo, na kitabu kinarudi kwenye simu kwa njia ya mwisho: mtu anakipiga picha. Programu kama Lookout ya Google au Seeing AI ya Microsoft zinaweza kusoma picha ya ukurasa, na ni msaada mkubwa kwa barua, risiti na karatasi ya dawa. Kusoma kitabu cha kurasa 300 kwa njia hiyo ni adhabu.

Tazama safari ya kitabu kimoja. Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, riwaya ya Buganda kwa kila hali, ilichapwa kwanza Nairobi na Kwani? mwaka 2014, kisha ikachukuliwa na wachapishaji wa Marekani na Uingereza. Kitabu pepe chake kipo, kinauzwa na maduka ya ng'ambo, kwa fedha za kigeni, kwa kadi ya benki. Msomaji wa Ggaba akishaivuka mipaka hiyo, anasikiliza habari za mababu zake zikisomwa na sauti inayoyavunja majina yao moja baada ya jingine. Hata hapo ana bahati. Riwaya iliyoandikwa kwa Kiganda na kuchapwa Kampala haina hata duka la ng'ambo la kuikimbilia.

Maduka hayo nayo yana historia yake. Februari 2009 Amazon ilitoa Kindle 2 yenye uwezo wa kusoma kitabu kwa sauti; chama cha waandishi wa Marekani kikalalamika kwamba hiyo ni haki nyingine inayopaswa kulipiwa, na Amazon ikakubali kila mchapishaji aweze kuzima sauti katika kitabu chake. Wasioona na washirika wao wakaandamana New York mwezi Aprili. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tumekinunua kitabu, tunataka kukisoma. Programu ya Kindle ya iPhone ilianza kuelewana vizuri na VoiceOver mwaka 2013. Leo hali ni bora, na tangu 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu pepe vinavyouzwa huko viweze kusomwa na wenye ulemavu. Kwa hiyo yawezekana kabisa kitabu cha Kiganda au cha Kiswahili kikawa na nakala inayosomeka kwa sababu ya msomaji wa Brussels, kabla mchapishaji hajamfikiria wa Ggaba.

Pengo hili lote linazibwa kimyakimya na WhatsApp. Kitabu kinapita kutoka kundi hadi kundi, bila malipo, bila jina la aliyekitoa. Wachapishaji wanauita wizi, na kisheria wana hoja. Lakini anayekataa kuuza nakala inayosomeka hana soko lililoibwa hapo. Napenda kumlipa mwandishi; nataka tu kuonyeshwa dirisha la kulipia.

Sheria yenyewe imetangulia mbele ya utekelezaji. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 na kuanza kufanya kazi Septemba 2016. Unaruhusu taasisi zinazohudumia wasioona, wenye uoni hafifu na wengine wasioweza kusoma chapa kutengeneza nakala zinazosomeka bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na kuzituma kuvuka mipaka kwa nchi nyingine iliyojiunga. Kenya ilijiunga 2017, Uganda Aprili 2018, Tanzania 2020. Maana yake ni kwamba nakala iliyotengenezwa Nairobi au Dar es Salaam haina haja ya kutengenezwa upya Kampala. Nairobi ina eKitabu, kampuni inayotengeneza vitabu vya shule vya EPUB kwa wanafunzi wasioona. Riwaya za Kiswahili ziko Dar. Uganda ina chama cha kitaifa cha wasioona, UNAB, tangu 1970. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 ilitaja breli na lugha ya alama kwa ajili ya elimu, ikaishia hapo, kabla simu hazijaanza kusoma. Kilichohitajika baada ya 2018 ni taasisi yenye wafanyakazi, mashine za kunakili na orodha ya vitabu ya kubadilishana na majirani. Umoja wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwamba vitabu vinavyowafikia wasioona kwa namna wanayoweza kusoma havifiki asilimia 10 ya vinavyochapwa, na kwa nchi maskini ni pungufu sana ya hapo. Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, ina zaidi ya vitabu milioni 1. Vingi mno ni vya Kiingereza.

Kuna wanaosema simu imeua breli, na wengine wanafurahia. Sikubaliani nao. Anayesikia tu hajui tahajia ila akijilazimisha, na mtoto anayekua bila kugusa herufi atamaliza shule akiwa msikilizaji hodari asiyeweza kuandika. Baraza la mitihani, UNEB, linawapa watahiniwa wasioona karatasi za breli. Hakuna simu ndani ya chumba cha mtihani. Tena shule nyingi za bweni Uganda zinakataza simu kabisa, kwa sababu zinazoeleweka kwa mwenye macho. Kwa mwanafunzi asiyeona katazo hilo linamnyang'anya rafu nzima ya vitabu, na walimu wakuu wachache huliona hivyo mpaka wameelezwa. Breli kwa kujifunzia herufi, hesabu na mtihani; simu kwa wingi wa usomaji, maana kitabu cha breli ni kizito, ghali, na kimoja hugawanyika kuwa majuzuu mengi. Mtoto anahitaji vyote viwili. Mzee aliyepoteza uoni wake ukubwani, kwa ugonjwa wa presha ya macho au kisukari, huenda asijifunze breli kamwe, na kwake simu ndiyo yote.

Hukumu yangu ni kwamba misaada mingi inamwagwa mahali pasipo na kiu. Kugawa vifaa kunapendeza kwenye picha, lakini kifaa si tena tatizo kuu. Mafunzo ya wiki chache kutoka kwa msomaji mwenzake asiyeona yanatosha kuifanya simu ya kawaida ifanye kazi. Fedha ziende kwenye sauti ya Kiganda iliyo ndani ya simu, na nguvu ya serikali iende kwenye mafaili. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa vitabu vya shule. Iweke sharti kwamba hakuna zabuni bila EPUB inayosomeka. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya 2003 inawataka wachapishaji kupeleka nakala za vitabu vyao. Nakala mojawapo iwe faili, lihifadhiwe, na litolewe kwa taasisi zenye haki chini ya Marrakesh. Hakuna teknolojia mpya katika hayo.

Na wewe mchapishaji, au mwandishi unayesaini mkataba wiki hii: kabla faili halijakwenda kwa mpiga chapa, liweke kwenye simu yako, bonyeza vile vitufe viwili kwa sekunde tatu, ficha skrini, usikilize sura ya kwanza ya kitabu chako hadi mwisho. Ukishindwa kuufikia, kirekebishe kabla hujakiuza.